Mchungaji, Sheria na Mgeni Asiye na Kibali: Mabishano ya Wakatoliki wa Marekani

Siku ya Jumatano ya Majivu, tarehe 1 Machi 2006, Kardinali Roger Mahony, Askofu Mkuu wa Los Angeles, alitangaza kwamba iwapo muswada uliokuwa mbele ya Bunge la Marekani ungekuwa sheria, angewaagiza mapadre wake wasiitii. Muswada huo ulikuwa umepitishwa na Baraza la Wawakilishi tarehe 16 Desemba 2005 kwa kura 239 dhidi ya 182. Ungelifanya tendo la kuwamo nchini bila kibali kuwa kosa kubwa la jinai, na ungepanua maana ya kosa la kumsaidia mtu wa namna hiyo abaki nchini. Wako Wakatoliki waliolipokea tangazo la Kardinali kwa shangwe. Wako wengine, nao si wachache, walioghadhibika: ni nani aliyempa askofu mamlaka ya kuwafundisha raia kuvunja sheria ya nchi yao?

Katika makala hii tunakusudia kuyafuatilia mabishano hayo tangu chimbuko lake hadi mwaka 2025. Kwa kawaida huelezwa kuwa ni ugomvi kati ya watu wenye huruma na watu wanaoheshimu sheria. Maelezo hayo ni mepesi mno. Pande zote mbili zilisoma mafundisho yale yale ya Kanisa lao, na kila upande ulikuta humo maneno ya kuutetea. Swali lililowatenga lilikuwa jingine, yaani, kazi ya askofu inaishia wapi, na kazi ya mwumini aliye raia, mpiga kura au mbunge inaanzia wapi? Kwa sisi tuliolelewa katika fundisho la falme mbili swali hilo si geni, na kwa sababu hiyo twaweza kujifunza kitu kwa jirani zetu hata pale tusipokubaliana nao.

Kwanza neno moja kuhusu lugha. Magazeti yetu na redio zetu huwaita watu hawa "wahamiaji haramu". Neno haramu ni zito. Masikioni mwa Mswahili halina harufu ya mahakama tu, bali pia ya unajisi, kama tusemapo nyama haramu au mtoto wa haramu. Katika sheria ya Marekani, kuvuka mpaka bila kukaguliwa ni kosa dogo la jinai kwa mara ya kwanza, na kubaki nchini baada ya muda wa kibali kwisha ni ukiukaji wa taratibu za kiraia. Tutatumia basi maneno "wasio na kibali", yanayotaja hali bila kumhukumu mtu.

Kanisa la wageni

Askofu Mkatoliki wa Marekani akizungumza juu ya wageni, huzungumza juu ya babu zake mwenyewe. Mwezi Mei 1844 makanisa mawili ya Kikatoliki mjini Philadelphia, la Mt. Mikaeli na la Mt. Augustino, yalichomwa moto na makundi ya watu waliowachukia wahamiaji kutoka Ireland. Mjini New York, Askofu John Hughes, ambaye naye alizaliwa Ireland, aliweka walinzi wenye silaha kuzunguka makanisa yake. Mwaka 1924 Bunge lilitunga sheria ya mgao wa wahamiaji kwa kila taifa, nayo ilipunguza sana idadi ya Waitalia na Wapolandi, ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki. Hivyo kwa muda wa karne nzima kumtetea mgeni na kulitetea Kanisa vilikuwa ni kitu kimoja, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni kipi kinatangulia.

Fundisho la Kanisa zima lilikuja kupewa umbo baadaye. Tarehe 1 Agosti 1952 Papa Pius XII alitoa katiba ya kitume iitwayo Exsul Familia, ambamo Familia Takatifu iliyokimbilia Misri imewekwa kuwa mfano wa kila familia ya wakimbizi. Mwaka 1963 Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris, alikuhesabu kuhama kuwa miongoni mwa haki za binadamu, ikiwapo sababu ya haki.

Hapa yafaa tuangalie jambo moja ambalo wabishani wengi hulisahau. Mkatoliki anayesema, "Babu yangu aliingia kwa njia halali," husema kweli. Lakini kabla ya miaka ya 1920 sheria haikuweka kikomo cha idadi kwa watu wa Ulaya, na aliyefika bandarini akiwa na afya na bila doa kubwa aliruhusiwa kuingia. Wamexico nao walikuwa wakivuka mpaka kufanya kazi mashambani, na toka 1942 hadi 1964 serikali mbili ziliendesha mpango rasmi wa vibarua uliotoa mikataba zaidi ya milioni 4. Mpango huo ulipokwisha, na sheria mpya ya mwaka 1965 ilipoweka, kuanzia 1968, kikomo cha watu 120,000 kwa mwaka kwa nchi zote za Amerika nje ya Marekani yenyewe, mashamba hayakuacha kuhitaji watu, wala watu hawakuacha kuhitaji kazi. Watu wale wale, katika njia ile ile, wakawa sasa hawana kibali. Hatusemi kwamba sheria hiyo haikuwa na uhalali. Tunasema tu kwamba mstari unaotenganisha aliye halali na asiye halali ulichorwa na wanadamu, katika miaka inayojulikana.

Makimbilio

Mabishano yenyewe yalianza katika miaka ya 1980, na mwanzo wake haukuwa kwa Wakatoliki. Tarehe 24 Machi 1982, siku ya kumbukumbu ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Oscar Romero wa El Salvador, usharika mmoja wa Kipresbiteri mjini Tucson, Arizona, chini ya Mchungaji John Fife, ulijitangaza kuwa makimbilio ya watu waliokuwa wakikimbia vita vya El Salvador na Guatemala. Serikali ya Marekani, iliyokuwa ikiziunga mkono serikali za nchi hizo, iliwahesabu wengi wao kuwa watafuta kazi. Mwaka 1984 maombi yao ya hifadhi yaliyokubaliwa hayakufika 3 kwa kila 100. Sharika na parokia nyingine zilifuata mfano wa Tucson, na Askofu Mkuu Rembert Weakland wa Milwaukee alikuwa miongoni mwa maaskofu wachache Wakatoliki walioliunga mkono tendo hilo waziwazi. Baraza la Maaskofu kwa ujumla wake halikuliunga mkono, ingawa liliilaumu vikali siasa ya serikali kuhusu Amerika ya Kati. Katika kesi ya Tucson, iliyokwisha Mei 1986, washtakiwa wanane kati ya kumi na mmoja walitiwa hatiani, miongoni mwao mapadre wawili na mtawa mmoja wa kike. Hawakufungwa gerezani, waliwekwa chini ya uangalizi wa mahakama.

Tukio linalotufundisha zaidi, hata hivyo, lilitokea Los Angeles. Padre Luis Olivares, paroko wa kanisa kongwe la Mama Yetu Malkia wa Malaika, aliitangaza parokia yake kuwa makimbilio tarehe 12 Desemba 1985, sikukuu ya Mama Yetu wa Guadalupe. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria iliyowapa msamaha watu wapatao milioni 2.7. Sheria hiyo hiyo iliweka adhabu kwa mwajiri yeyote atakayemwajiri mtu asiye na kibali akijua. Waliokuwa wameingia nchini baada ya tarehe 1 Januari 1982, isipokuwa baadhi ya wafanyakazi wa mashambani, waliachwa nje. Desemba 1987 Padre Olivares alipanua makimbilio yake ili yawachukue hao pia, yaani watu ambao hawakukimbia vita bali njaa.

Askofu wake alikuwa Roger Mahony yule yule. Alikuwa ametumia nguvu nyingi za jimbo lake kuwasaidia watu kujiandikisha kwa ajili ya msamaha, wala hakuna aliyeweza kumwita adui wa wahamiaji. Lakini hakuwaunga mkono mapadre waliotangaza hadharani kwamba wanaivunja sheria. Kwake yeye, sheria mbaya ilipaswa kubadilishwa, na hadi ibadilishwe ilikuwa sheria. Olivares aliondoka parokiani mwaka 1990 na kufariki mwaka 1993.

Nini kilibadilika?

Imekuwa desturi ya wapinzani wa Kardinali Mahony kusema kwamba kati ya 1987 na 2006 aligeuka. Sisi hatuoni hivyo. Adhabu ya mwaka 1986 ilimwangukia mwajiri. Mwumini mwenye kiwanda alizuiwa kumpa mtu kazi fulani. Jambo hilo laweza kuwa gumu, laweza hata kuwa ukatili kwa yule aliyekosa kazi, lakini halikumwamuru mtu yeyote kutenda dhambi. Muswada wa 2005, kama Kardinali alivyousoma, ulimgusa mtu anayegawa chakula, muuguzi wa zahanati ya parokia, na padre anayempa mtu mahali pa kulala. Ungewataka waombe hati kwanza, ndipo wahudumu. Hapo sheria haikuwa tena inapanga mambo ya mipaka, bali ilikuwa imeingia mahali pa Mathayo 25 na kuweka sharti ambalo Bwana hakuliweka.

Msomaji wetu atatambua hapa kifungu cha 16 cha Maungamo ya Augsburg, kinachowataka Wakristo wazitii serikali na sheria zake katika mambo yote isipokuwa pale zinapoamuru dhambi. Hapo linasimama neno la Matendo 5:29. Kardinali hakunukuu Maungamo yetu, bila shaka. Lakini alisimama pale pale yanapoelekeza, naye alipokaa upande wa pili mwaka 1987 alikaa pia pale yanapoelekeza.

Tarehe 25 Machi 2006 watu wapatao nusu milioni waliandamana katika barabara za Los Angeles, na mengine yakafuata katika miji mingi hadi Mei Mosi. Muswada ulikufa katika Seneti. Lakini hata mpango wa Seneti wa kuwapa wahamiaji hao njia ya kuhalalishwa haukufika mwisho.

Hoja za walei

Ni kosa kuwaona Wakatoliki waliompinga Kardinali kuwa watu wasio na dini. Mbunge Peter King wa New York, mmoja wa wadhamini wa muswada, alikuwa Mkatoliki, na mamilioni ya waumini waliompigia kura yeye na wenzake walikuwa watu wa kanisani kila Dominika. Walikuwa na Warumi 13. Walikuwa na Katekisimu ya mwaka 1992, ambayo katika namba 2241 inayataka mataifa tajiri yampokee mgeni kwa kadiri yawezavyo, na papo hapo inairuhusu serikali kuweka masharti kwa ajili ya manufaa ya wote, na kumdai mhamiaji azitii sheria za nchi iliyompokea. Maneno "kwa kadiri yawezavyo" yamebeba mzigo mzima wa mabishano haya, kwa maana ni nani apimaye kadiri hiyo? Walikuwa pia na Thomas wa Akwino, ambaye akieleza sheria za Israeli juu ya wageni aliona busara katika kutowapa wageni uraia kamili mara moja.

Silaha yao kali zaidi ilitoka katika Mtaguso wa Pili wa Vatikani wenyewe. Hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, katika namba 43, inawaonya walei wasidhani kwamba wachungaji wao wana jibu tayari kwa kila tatizo la kidunia, kwa kuwa hiyo ni kazi ya walei. Basi, walisema, askofu na atufundishe kumpenda mgeni. Lakini ni visa ngapi zitolewe, na mpaka ulindwe kwa namna gani, hayo ni mambo ya busara ambayo Wakristo wenye dhamiri njema wanaweza kutofautiana.

Kulikuwa pia na hoja ya maskini, na hiyo maaskofu hawakuijibu vema. Cesar Chavez, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba ya zabibu na Mkatoliki aliyejulikana kwa mifungo yake, katika miaka ya 1970 alipinga kuingizwa kwa watu wasio na kibali, kwa sababu wenye mashamba waliwatumia kuvunja migomo. Mwaka 1974 chama chake kiliweka watu kwenye mpaka wa Arizona ili kuwazuia. Mahony, aliyekuwa wakati huo askofu kijana, aliijua habari hiyo kwa karibu, kwa kuwa mwaka 1975 aliteuliwa kuwa mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya uhusiano wa kazi za mashambani ya California. Anayelipa gharama ya kwanza ya wingi wa wafanyakazi wasio na kinga ni mfanyakazi wa chini kuliko wote. Kwenye barua ya kichungaji ya Januari 2003, maaskofu wa Marekani na Mexico waliweka kanuni tano. Ya tatu inakiri haki ya taifa kulinda mipaka yake. Lakini katika barua hiyo na matamko mengi yaliyofuata, kanuni ya tatu hutajwa kisha huachwa mlangoni. Mwumini aliyetaka kujua maaskofu wake wangekubali ulinzi wa namna gani hakuambiwa waziwazi, bali aliambiwa zaidi ni upi ambao hawaukubali.

Hatuwezi kupita bila kutaja jeraha jingine. Mwaka 2007 Jimbo Kuu la Los Angeles lilikubali kulipa dola milioni 660 kwa watu zaidi ya 500 waliodhulumiwa kimwili na mapadre, na mwaka 2013 mrithi wa Mahony, Askofu Mkuu José Gómez, alimwondolea majukumu ya hadharani katika jimbo kwa sababu ya jinsi alivyozishughulikia kesi hizo. Wapinzani waliuliza jinsi mtu aliyewaficha wakosaji wake mbele ya sheria anavyoweza kuwafundisha wengine juu ya sheria iliyo kuu zaidi. Swali hilo halibatilishi hoja ya mwaka 2006. Lakini lilipunguza idadi ya watu waliokuwa tayari kuisikiliza, na hapo mwanahistoria hana budi kuliandika.

Alabama

Wazo la kwamba muswada wa 2005 ungewagusa mapadre liliitwa na wengi kuwa ni kutia chumvi. Mwaka 2011 Jimbo la Alabama lilitunga sheria yake lenyewe, nayo ilifanya kuwa ni kosa kumsafirisha au kumhifadhi mtu asiye na kibali. Tarehe 1 Agosti mwaka huo Askofu Mkuu Thomas Rodi wa Mobile na Askofu Robert Baker wa Birmingham, pamoja na maaskofu wa Kianglikana na wa Kimethodisti, waliishtaki serikali ya jimbo. Hoja yao ilikuwa finyu, na nguvu yake ilitokana na ufinyu huo. Hawakuzungumza juu ya visa. Walisema kwamba sheria hiyo ingeweza kumfanya kuwa mhalifu mtu anayempeleka jirani yake kanisani kwa gari, na kwamba serikali haina mamlaka ya kuchagua ni nani atakayefika kwenye ubatizo na meza ya Bwana. Mwishoni mwa Septemba hakimu wa shirikisho alivizuia vifungu hivyo. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo saa ambayo maaskofu walisema vizuri kuliko zote, na waumini wengi waliokuwa wakiwapinga katika mambo ya siasa hawakupata la kujibu.

Utaratibu wa upendo

Tarehe 20 Januari 2025 utawala mpya wa Rais Donald Trump uliiondoa amri ya zamani iliyowazuia maofisa wa uhamiaji kukamata watu makanisani bila sababu maalumu. Maaskofu walilalamika. Siku chache baadaye J. D. Vance, Makamu wa Rais, aliyepokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 2019, aliuliza katika televisheni kama maaskofu hawasikitikii tu fedha za serikali, zaidi ya dola milioni 100, walizokuwa wakipokea kwa kazi ya kuwapokea wageni. Kardinali Timothy Dolan wa New York, ambaye hakuwa adui wa utawala huo, alikasirika sana, na Baraza la Maaskofu likajibu kwamba fedha hizo hazikutosha hata gharama za kazi yenyewe.

Hapa mambo mawili yalichanganywa, nasi tunapaswa kuyatenganisha. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya wakimbizi waliochunguzwa na kuingizwa na serikali yenyewe kwa mujibu wa sheria, miongoni mwao Wakongo wengi wasemao Kiswahili, wakiwamo waliopitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Hao hawakuwa watu wasio na kibali. Walutheri nao hawakusalimika: Februari 2025 shirika lao la kuwahudumia wakimbizi, lililoanzishwa mwaka 1939, lilishutumiwa hadharani kwa namna hiyo hiyo, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Amerika lilikuwa limekwisha kujitangaza kuwa Kanisa la makimbilio mwaka 2019.

Bwana Vance aliendelea kwa kulitaja fundisho la kale la utaratibu wa upendo, ordo amoris: mtu apende jamaa yake kwanza, kisha jirani, kisha taifa, na baada ya hao ulimwengu. Tarehe 10 Februari Papa Fransisko aliwaandikia maaskofu wa Marekani kwamba utaratibu wa kweli wa upendo hujulikana kwa kutafakari mfano wa Msamaria Mwema. Wengi walimwona Papa kuwa ameliacha fundisho la kale. Lakini Thomas wa Akwino, anayefundisha kweli kwamba tunawiwa zaidi na walio karibu nasi, anasema pia kwamba mara nyingine imetupasa kumsaidia mgeni aliye katika dhiki ya mwisho kabla ya baba yetu mwenyewe ambaye hana dhiki kama hiyo. Makamu wa Rais alikuwa ameitaja nusu ya kwanza ya fundisho.

Papa Fransisko alifariki tarehe 21 Aprili 2025, na tarehe 8 Mei akachaguliwa Leo XIV, mzaliwa wa Chicago. Mwezi Aprili huo huo maaskofu walikuwa wametangaza kwamba hawatafanya upya mikataba yao na serikali ya kuwahudumia wakimbizi. Tarehe 12 Novemba, mjini Baltimore, walipiga kura juu ya ujumbe maalumu, wa kwanza wa aina hiyo tangu 2013, kwa kura 216 dhidi ya 5, watatu wakijizuia. Ujumbe huo unakiri wajibu wa mataifa kusimamia mipaka yao, na unapinga kufukuzwa kwa watu kwa halaiki bila kubagua.

Miezi minne kabla ya kura hiyo, katika jimbo la San Bernardino, California, ambako watu walikuwa wamekamatwa hata katika maeneo ya makanisa, Askofu Alberto Rojas alikuwa amekwisha kutoa amri yake. Sheria ya Kanisa Katoliki humlazimu mwumini kuhudhuria Misa kila Dominika, naye huruhusiwa kukosa kwa sababu kama ugonjwa au kumtunza mtoto mchanga. Tarehe 8 Julai 2025 Askofu huyo aliwaondolea wajibu huo wote walioogopa kukamatwa njiani, na akawaomba mapadre wake wafikirie namna ya kuwafikia majumbani mwao.